Randa Iko Wapi? Miaka Mia ya Kuambiwa Tujifunze Kazi ya Mikono

Wasee, siku hizi ukifungua simu lazima ukutane na Wamarekani wakigombana juu ya shule zao. Machi 2025 Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja Wizara yao ya Elimu. Wengine wanabishana kama pesa ya umma ifuate mtoto hadi shule ya kibinafsi. Wengine hawaelewani historia ya utumwa ifundishwe aje. Sisi hapa Kapsoya tunacheka, tunapitisha, tunaenda video ingine.

Lakini kuna ubishi mmoja wa shule za Marekani ulioshuka huku kwetu zamani sana, 1924, na mpaka leo umekaa kwa darasa la Gredi ya 10. Acha niwapigie hii story polepole, juu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie huko kwao. Utumwa ulipoisha 1865, swali likawa: mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa juzi asome nini? 1868 shule ya Hampton ikafunguliwa Virginia, na jibu lake lilikuwa kazi ya mikono: ukulima, useremala, ushonaji. Mwanafunzi wake mmoja, Booker T. Washington, akaenda Alabama 1881 kuanzisha Tuskegee kwa imani hiyo hiyo. Shika kazi, pata heshima, mengine yatafuata.

1903 W.E.B. Du Bois akamkatalia hadharani, kwa kitabu. Hakusema useremala ni kitu kibaya. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hivi: ukiwapa watu wa rangi moja kazi ya mikono peke yake, na chuo ukawafungia, watatoa wapi walimu, madaktari na viongozi wao?

Sasa twende 1924. Tume ya Phelps-Stokes, yenye pesa za familia tajiri ya New York, inafika Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Waafrika. Anayeiongoza ni Thomas Jesse Jones, mtu aliyefanya kazi Hampton. Ndani ya tume yuko pia James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ile tunayoiita Ghana. Wakaangalia, wakasema Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha ya kijiji chake. 1925 Jeanes School ikaanza Kabete, kwa msaada wa pesa za Carnegie kutoka Marekani, kuandaa walimu wa kuzunguka vijijini wakifundisha usafi, kilimo na ufundi.

Serikali ya wakoloni haikuhitaji kushawishiwa sana. Tangu ripoti ya Fraser ya 1909 ilikuwa imeshaambiwa Mwafrika afunzwe ufundi, na shule zigawanywe kwa rangi. Hapa Sisibo mtoto wa mlowezi alisomea shule tunayoiita leo Hill School. Mtoto wa Mnandi akiwa na bahati alienda Kapsabet, kwa shule ya serikali ya Waafrika iliyofunguliwa 1925.

Lakini wazee wetu hawakukaa kimya. Kwa Wakikuyu watu walichanga pesa wakajenga shule zao wenyewe, nje ya misheni, wakitaka watoto wafunzwe Kiingereza na vitabu kamili. Na hapa historia inakuwa tamu. Mbiyu Koinange alitumwa Marekani 1927, akaingia Hampton, shule ile ile. Hakuishia hapo. Alisonga hadi Chuo Kikuu cha Columbia, akarudi na digrii, na 1939 akaanzisha chuo cha walimu Githunguri. Yaani kijana alipitia kwenye chemchemi ya ile sera, halafu akarudi nyumbani kuwajengea watu wake kitu kikubwa kuliko kile sera iliwapangia. Serikali ikaja kufunga Githunguri pamoja na shule zile za kujitegemea 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Kwa hiyo uhuru ulipofika 1963, unashangaa kwa nini kila mzazi alitaka mtoto wake ashike kalamu? Nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, na wanafunzi kama elfu thelathini tu. Tume ya Ominde ya 1964 ilisema ubaguzi wa rangi shuleni uishe na watu wasome. Jembe lilikuwa linanuka ukoloni. Na ile Jeanes School ya Kabete? 1961 ilikuwa imegeuzwa chuo cha kuwanoa maofisa wa serikali, na leo ni Kenya School of Government. Pale walipofunzwa walimu wa kijiji, sasa wanafunzwa wakubwa wa ofisi.

Shida ni kwamba kufika miaka ya 70 vyeti vilikuwa vingi kuliko ofisi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikarudi kusema watoto wafunzwe kazi. Halafu 1981 ikaja tume ya Mackay, na hii ndiyo ya kwetu kabisa. Mackay, Mkanada, hakuitwa kubadilisha mtaala. Aliitwa kushauri kuhusu chuo kikuu cha pili nchini. Ripoti yake ikazaa vitu viwili: Moi University, iliyoanza 1984 na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi, na 8-4-4, iliyoanza Januari 1985. Ukipanda gari ya Kesses leo, jua unaenda kumuona pacha wa 8-4-4.

8-4-4 ilikuja na maneno matamu. Mtoto akitoka shule ajiajiri. Kukawa na ukulima, sayansikimu, sanaa, ufundi wa mbao, muziki, biashara. Wazo halikuwa baya, na Moi mwenyewe alikuwa mwalimu, hakuwa mgeni wa darasa. Lakini karakana zilijengwa na nani? Wazazi, kwa harambee. Mahali wazazi walikuwa na uwezo, karakana ilisimama na vifaa vikaingia. Mahali hawakuwa nao, mwalimu alichora randa ubaoni, na mtoto akachora randa kwa daftari. Na mtihani wa KCPE uliyapima hayo masomo ya mikono kwa A, B, C au D. Fikiria hilo kidogo. Useremala wa kuchagua herufi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa, tukabaki na 8-4-4 ya kukariri, ile tunayoitukana leo.

Kuna mzee wa mji wetu anayenisaidia kuelewa hii kitu. Januari 2003 serikali ya Kibaki iliondoa karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. 2004 Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza Kapkenduiywo, hapa Eldoret, akisema ana miaka 84. 2005 akapanda ndege hadi New York kuongea kwa Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Mzee alikuwa amefanya kazi ya mikono maisha yake yote. Alichokosa ni herufi, na alikosa kwa sababu mlango ulikuwa na bei. Bei ilipotoka, aliingia. Hakuhitaji hotuba ya kumshawishi.

Sasa tufike kwetu. CBC ilianza majaribio 2017. KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Januari 2026 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10, na kila mmoja amepangwa kwa mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Lengo la serikali ni asilimia 60 waende upande wa sayansi na teknolojia. Kwa karatasi ni kitu safi.

Lakini mtoto wa jirani yetu hapa mtaani yuko mkondo wa sayansi. Nilimuuliza majaribio ya kemia wanafanya aje. Akaniambia mwalimu anayafanya mbele, wao wanaangalia, kisha wanaandika walichoona. Watoto zaidi ya hamsini, meza moja. Nikamuuliza kama ameshawahi kushika chombo mwenyewe. Akacheka tu. Ni ile randa ya ubaoni, miaka arobaini baadaye.

Najua kuna mtu atasema, wewe unadharau kazi ya mikono. Hapana. Fundi wa welding hapa Kapsoya anaweza kuwa anamshinda mwenye digrii anayetembeza CV mjini, na hata Du Bois hangebishana na hilo. Na mikono na vitabu vinaweza kukaa pamoja. 2007 Moi University ilinunua Rivatex, kiwanda cha nguo kilichokuwa kimefungwa hapa mjini, ili wanafunzi na watafiti wawe na mashine halisi za kujifunzia. Kiwanda kina shida zake, sikatai. Lakini hapo angalau mashine iko, na mwanafunzi anaigusa.

Kitu ninachokipinga ni ile tabia ya miaka mia: sera inatangaza ujuzi, halafu vifaa vinaenda kwa wachache. 1925 mgawanyo ulikuwa wa rangi na uliandikwa wazi. Leo hakuna aliyeuandika popote. Shule kubwa ina maabara tatu, ile ya mtaani haina hata moja, lakini watoto wa shule zote mbili wataambiwa wako mkondo mmoja na watafanya mtihani mmoja. Huyu wa pili akianguka, tutasema hakuwa na kipaji cha sayansi.

Kwa hivyo kama uko Gredi ya 9 unachagua mkondo, ama uko na mdogo wako anachagua, usiulize tu ni upi una kazi. Uliza shule inayoutoa ina mwalimu wa hilo somo? Ina chumba? Ina vifaa, na wanafunzi wangapi wanagawana kimoja? Mkutano wa wazazi ukiitwa, mwambie mzazi wako aulize hivyo mbele ya watu, na jibu liandikwe. Wazazi wa 1985 waliombwa wachange, wakachanga, na wengi hawakupata nafasi ya kuuliza kitu.

Na leo jioni, muulize mamako au babako alitengeneza nini kwa somo la ufundi enzi za 8-4-4. Akikuonyesha kigoda, shule yake ilikuwa na vifaa. Akisema alipata B, umeelewa.