Kutoka Usukani hadi Haidroliki: Historia ya Jina Lisilotimia

Msamiati wa gari katika Kiswahili ulijengwa na watu wa kazi kabla haujaandikwa na wataalamu wa lugha. Mabaharia walikuwa na usukani wao zamani, kabla motokaa haijafika pwani. Ilipofika, neno hilo lenye asili ya Kiarabu lilitoka chomboni likaingia barabarani bila kikao wala azimio. Parafujo ilikwisha kuachwa na Wareno. Gari na karakana zilitujia kutoka upande wa Bara Hindi, na gia, breki na klachi kutoka Kiingereza. Maneno hayo yalidumu kwa kuwa kila moja lilitaja kitu ambacho fundi na dereva walikiona kwa macho na kukubaliana juu yake.

Tatizo huzuka pale kitu kipya kinapovikwa jina la kitu cha zamani. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, ikauzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Dereva hakuhitaji tena kukanyaga klachi, kwa maana nguvu ya injini ilipokewa na kimiminika kilichozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa. Mwaka 1949 kampuni hiyo iliweka masharti maalumu ya kimiminika hicho, na mwaka 1967 ikaleta aina ya Dexron. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilichanganywa na mafuta ya nyangumi, mpaka ulinzi wa mnyama huyo ulipowalazimu watengenezaji kutafuta badala yake.

Hapa yafaa tutofautishe dhana. Katika giaboksi ya mkono, mafuta kazi yake hasa ni kulainisha. Katika giaboksi ya otomatiki, kimiminika hulainisha, hupoza, husukuma vifaa vinavyobadili gia, na tena hupeleka nguvu. Kukiita "oili" tu ni kutaja kazi moja na kuficha tatu.

Nchini Tanzania tofauti hiyo haikuwasumbua wengi hadi masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984 na, katika miaka iliyofuata, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaingia kwa wingi. Mengi yalikuwa ya otomatiki, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Gari lilifika, lakini maelezo yake hayakufika pamoja nalo.

Tuchukue mfano wa Shelui, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Mji huu upo chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu iendayo Nzega. Gari kuukuu lenye mzigo, likielekea Singida, halina budi kuupanda mlima huo. Kimiminika cha giaboksi hupata moto, na moto ndio adui wake mkubwa. Kikizeeka hupoteza wekundu wake, huwa cha kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua. Mwenye gari atamwambia fundi, "Nibadilishie oili ya gia." Katika sentensi hiyo fupi zimo hatari mbili.

Ya kwanza ni nomino. Mafundi wengi husema haidroliki, na wamefanya vyema kuitenga na oili. Lakini neno hilo hutumika pia kwa kimiminika cha usukani. Wengine husema "oili nyekundu," na rangi si kitambulisho cha kutegemewa. Zaidi ya hayo, ziko giaboksi zinazotumia mkanda badala ya gia, nazo huitwa otomatiki vilevile. Zikitiwa kimiminika kisicho chao, huweza kuharibika kabisa.

Ya pili ni kitenzi. Kubadilisha ni kuondoa chote na kutia kingine. Lakini fundi afunguapo kizibo cha chini hutoa sehemu tu; mara nyingi nusu au zaidi hubaki ndani ya chombo kipokeacho nguvu ya injini. Mwenye gari hudhani amebadilishiwa, kumbe amechanganyiwa. Kwa gari kuukuu, kumwaga na kujaza kwa awamu huenda ndiyo njia ya upole kuliko kusafisha kwa mashine ya msukumo, ambayo huweza kutibua takataka. Pamoja na hayo, uchakavu uliokwisha kutokea hauponywi na kimiminika kipya.

Desturi ya usanifishaji ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo kukopa. Lakini neno ambalo karakana imekwisha kulikopa na kulitumia lina haki ya kusikilizwa, kama usukani ulivyosikilizwa. Kwa hiyo napendekeza tusibuni neno geni, bali tuwekee mipaka lile lililopo: haidroliki ya giaboksi, haidroliki ya giaboksi ya mkanda, na haidroliki ya usukani. Oili ibaki kwa injini na giaboksi ya mkono. Jina la aina lililochapwa na mtengenezaji linakiliwe kama lilivyo, lisitafsiriwe. Katika vitenzi, tutenge kuongeza, kubadilisha kwa sehemu na kubadilisha chote.

Mfasiri wa kitabu cha gari na mwalimu wa shule ya ufundi wakishika tofauti hizi, mwenye gari wa Shelui atajua anachokilipia kabla hajaanza kuupanda Sekenke.