Meza ya Kapteni

Barua ilikuja kwa simu Jumamosi jioni. Jumapili baada ya chakula mdogo wangu akaiweka mezani kwa mama, hapa Riruta, akaniambia: "Siz, wewe ndiye mwalimu wa historia. Niambie, niende ama nisiende?"

Ni barua ya kazi kutoka shirika moja la ndege la Ghuba. Rubani msaidizi, ndege kubwa ya injini mbili, kandarasi ya miaka mitatu. Nyumba wanatoa, bima ya afya wanatoa, tiketi ya kuja nyumbani kila mwaka wanatoa, na mshahara haukatwi kodi huko. Wamempa siku kumi ajibu. Kwa sasa anarusha abiria hapa hapa Nairobi, na kila mwisho wa mwezi mshahara unapita kwanza kwa sacco. Mkopo huo ndio uliomlipia masomo ya urubani pale Wilson, na mama aliuwekea dhamana hati ya kashamba ketu ka Mutuini. Hati iko kwa sefu ya sacco mpaka leo. Swali lake, kwa hivyo, halikuwa lake peke yake.

Mimi sijawahi kurusha kitu zaidi ya tiara. Lakini aliniuliza kama mwalimu, nami nikamjibu kwa njia ninayoijua: nikarudi nyuma.

Nilianza na neno lenyewe. Rubani, kabla ya ndege, alikuwa mtu wa bahari. Alikuwa yule ajuaye nyota, pepo za kaskazi na kusi, na miamba iliyofichwa na maji. Mwenye chombo alikuwa na chombo; rubani alikuwa na njia kichwani. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akitafuta mtu wa kumvusha hadi Bara Hindi, na mfalme wa Malindi akampa rubani. Waliondoka tarehe 24, na kabla Mei haijaisha walikuwa wamefika pwani ya Calicut. Kwa muda mrefu watu walisema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, na wengi humwona kuwa mtu wa Gujarat. Vyovyote vile, alikuwa mgeni Malindi, akafanya kazi kwenye chombo cha wageni wengine. Alilipwa, akafikisha, jina lake likapotea. Yaliyoletwa na safari ile pwani yetu tunayajua, Kilwa na Mombasa zinayajua zaidi.

"Sasa unaniambia nisiende," mdogo wangu akasema.

"Sijamaliza."

Nikamwambia hata hapa Dagoretti tuliwahi kupokea mtu wa kandarasi. Mwaka 1890 Frederick Lugard alijenga boma hapa, akila kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Tunamtaja Lugard kana kwamba alikuwa serikali, lakini wakati huo alikuwa mwajiriwa wa kampuni, Imperial British East Africa Company. Kampuni ikamtaka Uganda, akaenda. Aliowaacha nyuma wakakosana na wenyeji juu ya chakula, na boma likachomwa mwaka uliofuata. Waiyaki naye alikamatwa 1892, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Kiapo hakikumwokoa.

Hapo Guka, ambaye tulidhani amelala kwenye kiti, akafungua macho. "Lakini huyu mtoto haendi kujenga boma," akasema. "Anaenda kuendesha gari la mtu. Mimi niliendesha gari la mtu miaka kumi na saba."

Ni kweli. Guka alikuwa dereva wa basi dogo la kuwabeba marubani kwenda na kutoka Embakasi. Ili uelewe alichokiona kupitia kioo cha nyuma, lazima ujue marubani hao walitoka wapi.

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways hapa Nairobi, na uwanja ule wa Nairobi West ukaja kuitwa Wilson mwaka 1962. Vita vya pili vya dunia vilipofika, shirika lilikufa. Kisha tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ikaanza kazi, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa ndege ndogo za de Havilland. Embakasi ilifunguliwa 1958; miaka miwili baadaye shirika lilikuwa na Comet za jeti, na 1966 zikaja Super VC10. Ndege zilibadilika haraka kuliko nyuso zilizokaa mbele. Waliorusha wengi walikuwa Waingereza na wazungu wengine, kwa masharti ya mtaalamu wa kigeni: nyumba, karo ya watoto, likizo ndefu ya kwenda kwao kwa tiketi ya mwajiri.

Soma hayo masharti tena, kisha urudi kwa barua ya mdogo wangu. Ni yale yale. Kilichogeuka ni upande wa safari tu. Zamani Nairobi ndiyo iliyokuwa Ghuba ya mtu fulani wa London.

Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 ili vijana wa nchi zetu tatu wasomee nyumbani. Hesabu ilikuwa nzuri, ila siasa haikungoja. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ilianguka kwa madeni na ugomvi wa wenyewe, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Kenya Airways iliundwa Januari mwaka huo, ikaanza kuruka Februari kwa ndege za kukodi.

Wiki hizo, Guka anasema, basi lake lilikuwa kimya. Kapteni mmoja Mwingereza, ambaye alikuwa amembeba tangu miaka ya sitini, alimwomba amsaidie kuhamisha vitu. Alipofika kwake Lavington alikuta vyote viko uani, vina bei. Friji, vitanda, baiskeli ya mtoto. Mbwa alipewa jirani. Guka alinunua meza ya mbao ya mvule, akailipa kwa awamu mbili, na awamu ya pili ililipwa siku ya kwenda uwanjani. "Miaka kumi na miwili mtu anaishi mahali," Guka akasema, "na nyumba inaisha kwa wiki moja."

Meza ndiyo hiyo. Tumelia matanga juu yake, tumefanyia hesabu za KCPE juu yake, na Jumapili ile ndipo simu yenye barua ilikuwa imelala, karibu na bakuli la mukimo.

Sasa tuje kwa Ghuba yenyewe. Emirates iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1985, kwenda Karachi, kwa ndege zilizokodiwa kutoka shirika la Pakistan. Yaani walianza miaka minane baada yetu, na wao pia kwa ndege za watu. Qatar Airways ilianza kuruka 1994, Etihad 2003. Nchi ndogo zenye mafuta au gesi, viwanja vilivyo katikati ya Ulaya na Asia, na serikali zilizoamua kuwa ndege ndiyo bandari mpya. Wananchi wao hawakutosha kujaza viti vya mbele, ikabidi waajiri dunia nzima. Huko kuwa rubani mgeni ndio utaratibu wa kawaida.

Kwetu mambo yalikwenda vizuri, kisha yakageuka. Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, KLM ikishika asilimia 26, na kwa miaka kadhaa Nairobi ilikuwa na shirika la kujivunia. Halafu ikaja mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25. Ikabidi kupunguza mzigo. Boeing 777 zikakodishwa kwa Turkish Airlines, Dreamliner mbili zikaenda Oman Air. Hebu fikiria: ndege zenyewe zilienda kazi ya kandarasi nje kabla ya marubani wengi. Ndege ikiondoka, kijana aliyekuwa kwenye foleni ya kupanda cheo anabaki ameangalia lami. Basi ukisikia mtu akiwaita wanaoenda wasaliti, muulize hiyo foleni ilikuwa inasonga kwa kasi gani.

Baada ya historia tukachukua kalamu, tukagawa karatasi mara mbili.

Upande wa kwenda, deni lilikuwa la kwanza. Kwa mshahara wa sasa hati itarudi Mutuini baada ya miaka saba. Kwa ule mwingine, akijibana, miwili. La pili, saa za kuruka kwenye ndege kubwa. Leseni ya juu kabisa ya urubani wa abiria inadai angalau saa 1500, lakini waajiri huangalia pia ni saa za ndege gani, na saa za ndege kubwa zinakubalika dunia nzima. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliofanya leseni za nchi zifanane hivyo: ujuzi wa rubani unasafiri kuliko ujuzi wa mwalimu, au wa wakili. Mimi nikihamia Doha na diploma yangu, nitaanza kujieleza kwa kila mlango.

Upande wa kubaki ukawa mrefu zaidi ya tulivyotarajia. Visa ya kuishi kule imefungwa na kazi. Kazi ikiisha, una muda mfupi wa kufunga virago. Machi 2020 tuliona maana yake. Emirates ilisimamisha safari za abiria, anga la Kenya nalo likafungwa, na katika miezi iliyofuata marubani wengi wa Ghuba walipewa barua nyingine, za kuwaaga. Hapa pia watu walipoteza kazi mwaka huo, sitaficha. Ila aliyepoteza akiwa Kawangware alipoteza mshahara. Aliyepoteza akiwa Dubai alipoteza mshahara, nyumba na shule ya watoto siku moja.

Halafu kuna sauti. Novemba 2022 marubani wa Kenya, chini ya chama chao KALPA, walisusia kazi wakidai, pamoja na mengine, michango ya akiba yao ya uzeeni. Abiria walikwama, nchi iliwatukana, mahakama ikawaamuru warudi, wakarudi. Unaweza kusema walikosea. Lakini waliweza kukosea. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu hakuna chama cha wafanyakazi wala mgomo. Ukikasirika, unakasirika chumbani. Badala ya pensheni, mgeni hulipwa kiinua mgongo akiondoka: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, siku 30 baada ya hapo.

Kuna pia maandishi madogo. Akiacha kazi kabla ya miaka mitatu atarudisha gharama za mafunzo. Akirudi Kenya ataanza mkiani mwa foleni, maana cheo hakimngoji mtu. Na hilo neno "bila kodi" lisomwe polepole: sheria yetu inaweza kukuhesabu mkazi kama una makao ya kudumu hapa na ukakanyaga nchini ndani ya mwaka, hata kwa likizo. Nilimwambia aone mtu wa kodi kabla ya kuona mtu wa viza. Kila mwaka pia kuna daktari. Moyo ukipiga vibaya siku hiyo, leseni inalala, na swali la kwanza ni bima gani inakulipa, ya nchi gani.

Tulipofika hapo karatasi ilikuwa imejaa, na mdogo wangu akaniangalia sana. "Siz, upande wa kubaki umeuandika wewe wote."

Nilinyamaza. Kuna jambo ambalo sikuwa nimeliandika. Mama ana sukari na miguu imeanza kumsumbua. Guka anahitaji mtu wa kumshika akiingia bafuni. Mdogo wangu akienda, pesa zitatoka kwake na usiku utatoka kwangu. Nilikuwa nimemwita Vasco da Gama, Lugard na mahakama ya Nairobi waje kunisaidia kusema kitu kidogo: usiniache peke yangu na wazee.

Nikalisema. Mama akainuka kwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Hatukumaliza siku hiyo. Tulimaliza Alhamisi, kabla ya zile siku kumi kuisha. Anaenda, kwa masharti ambayo tuliyaandika nyuma ya karatasi ile ile: deni la sacco kwanza, kabla ya gari, leseni ya Kenya asiiache ikaisha, mtu wa kulala na Guka alipwe kutoka mshahara wa kwanza, na nimchague mimi, baada ya miaka mitatu tukae tena, yeye akiwa hapa mwilini, si kwa simu. Sijui kama tumeamua vizuri. Najua tu kwamba mara hii aliyebaki naye aliandika masharti yake.

Guka aliomba asomewe yote kwa sauti. Kisha akamuuliza mjukuu wake kitanda chake atakiuzaje.

"Siuzi, Guka. Kitabaki hapo."

"Na pikipiki?"

"Hiyo namwachia Siz."

Mimi sijui kuendesha pikipiki. Imeegeshwa nje ya dirisha langu ninapoandika haya, na kila asubuhi ndege ndogo za kutoka Wilson zikipita juu kuelekea Mara, Guka ananiambia niiwashe kidogo, betri isife.