Stesheni ya Nairobi na Reli Iliyohamishiwa Kibera

Ikigonga saa kumi na moja jioni, steji ya Railways huwa haina pa kukanyaga. Makanga wanaita Ngong, Rongai, Karen. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya kelele hizo, treni ya Kikuyu inangoja abiria wake. Kwa wengi wetu "Railways" ni mahali pa kupanda matatu. Lakini ni mji wenyewe uliokuja kukaa kando ya stesheni hii.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899. Hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wenye majimaji na mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi. Wahandisi walikuwa na shida moja kubwa: mbele yao kulikuwa na mwinuko wa Ukikuyu, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Kabla ya kuupanda mlima huo walihitaji ardhi tambarare ya kuweka bohari, karakana na njia za kupangia mabehewa, na maji ya kunyweshea injini. Wakapiga mahema. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni nayo ikafuata. Wakati huo tauni ilikuwa imekwisha kuingia katika soko la Wahindi, na mwaka 1902 wakubwa wakaamuru soko hilo lichomwe moto.

Gharama ya kufika hapa haikuwa ya fedha tu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla ya reli kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Waafrika nao walibeba, wakachimba, wakakata miti, na ardhi iliyopitiwa na reli ilikuwa yao.

Reli ikaupanga mji kwa tabaka. Maafisa wake Wazungu walijengewa nyumba juu, penye hewa safi, mahali ambapo leo tunapaita Upper Hill na ambapo nyumba hizo zimebomolewa kupisha maghorofa ya benki na bima. Waafrika waliofanya kazi ya reli walisongamana Muthurwa na Landhies, karibu na moshi wa karakana. Barabara ya Government Road, sasa Moi Avenue, ilianzia mlangoni pa stesheni, na ofisi na maduka yakajipanga kuifuata.

Kuna habari moja ambayo nadhani kila mkazi wa Nairobi angepaswa kuijua. Reli ya awali haikupita Kibera. Ilipotoka stesheni ilipinda kuelekea kaskazini, ikapita kati ya mji na kilima cha Upper Hill, ikaenda upande wa Westlands na Kabete kabla ya kufika Kikuyu. Ukisimama Uhuru Highway wakati wa foleni ya asubuhi, umesimama palipokuwa na mataruma. Katikati ya karne ya 20 wapangaji wa mji waliona reli inaubana mji upande wa magharibi. Wakaing'oa, na mahali pake pakapita barabara pana iliyoitwa Princess Elizabeth, ambayo baada ya uhuru tuliipa jina la Uhuru. Treni ikapewa njia mpya kusini ya kilima, kupitia Kibera na Dagoretti.

Kibera yenyewe ilikuwa na wenyewe. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walikuwa wakiishi pale tangu mwanzoni mwa karne, katika ardhi waliyoiita Kibra, yaani msitu. Serikali haikuwapa hati hadi mwaka 2017, baada ya kuidai kwa miaka mingi. Reli iliyopitishwa hapo ikawa barabara ya miguu kwa watu wasio na nauli, ikawa soko, na hatimaye kukawa na nyumba hatua chache tu kutoka kwenye vyuma. Mama muuza mboga alijua saa ya treni kuliko karani wa stesheni.

Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana waliing'oa reli pale Kibera, na mizigo ya Uganda ikakwama. Nilichokisoma katika tukio hilo ni kwamba mtu aliyeishi miaka yote kando ya njia ya utajiri wa wengine alijua mahali pa kuishika nchi. Baadaye ulikuja mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliowahamisha watu waliokuwa wakikaa juu ya njia, Kibera na Mukuru, na kuwajengea makao kando yake.

Mwaka 2017 treni ya SGR, reli mpya kutoka Mombasa, ilipoanza, ilikomea Syokimau, na stesheni ya zamani ingeweza kufa pale pale. Haikufa. Mwaka 2020 ilikarabatiwa, na mabehewa ya dizeli yaliyotumika Uhispania yakaletwa kubeba abiria wa mjini, wakiwemo wale wanaokwenda Syokimau kupanda treni ya Mombasa.

Karibu na stesheni kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambamo Charles Ryall, mkuu wa polisi, alivamiwa na simba usiku wa Juni 1900 katika stesheni ya Kima. Alikuwa amekuja kumwinda simba huyo. Usingizi ukamchukua zamu yake ya kukesha, na simba akaingia na kutoka naye dirishani. Watoto wa shule hulizunguka behewa hilo kimya. Nje wamesimama majitu ya mvuke, na miongoni mwa wakubwa wao ni Mount Gelai, namba 5918, moja ya injini 34 za Garratt zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ina uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wa Tanzania, na jina hilo linakumbusha kuwa reli hii ilikuwa yetu sote hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Katika uwanja huo huo wachoraji nao wamepata makao; Patrick Mukabi alifungua hapo studio ya Dust Depo, na vijana wengi wamejifunza rangi katikati ya vyuma vilivyostaafu.

Sasa umekuja mpango wa Railway City, ekari 425 kati ya Haile Selassie Avenue, Uhuru Highway, Bunyala na Landhies, uliozinduliwa Desemba 2022: stesheni mpya, ofisi, nyumba na maduka. Sipingi. Mji unahitaji stesheni inayotosha watu wake. Ninachoomba kwa wenye michoro ni mambo mawili. Treni ya Kikuyu iendelee kusimama Kibera, kwa nauli ambayo mfanyakazi wa mjengo anaimudu. Na ile reli inayounganisha makumbusho na njia kuu isikatwe wala kufukiwa chini ya maegesho ya magari. Injini ya Gelai ilifufuliwa ikatoka kupitia reli hiyo, ikipuliza mvuke, na wazee waliowahi kuchochea moto wa injini hizo bado wangependa kuiona ikitoka tena.