Silabi ya Kidenmaki: Kilichopotea na Kilichohifadhiwa

Miongoni mwa lugha za Skandinavia, Kidenmaki ndicho ambacho aghalabu huelezwa kuwa kimechakaa: konsonanti zimelegea, irabu za mwisho zimefifia na matamshi yametengana na maandishi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hiyo ni nusu tu ya historia yake. Silabi ya Kidenmaki imepoteza mengi, lakini imehifadhi kumbukumbu ya umbo lake la kale.

Upotevu wenyewe haukanushiki. Katika Enzi za Kati, irabu zisizo na mkazo mwishoni mwa maneno zilififia zikawa irabu moja hafifu, nazo /p/, /t/ na /k/ zilizofuata irabu zikalegea. Kiswidi kina gata (barabara) na kaka (keki). Kidenmaki kina gade na kage. Leo /d/ ya gade inakaribia dh ya Kiswahili pasipo mkwaruzo, ilhali /g/ ya kage imekuwa kiyeyusho au imetoweka. Biblia ya Mfalme Christian III, iliyochapishwa mwaka 1550, iliimarisha lugha ya maandishi. Sauti zikaendelea kusonga. Herufi zikabaki nyuma.

Hata hivyo, kuna sifa moja inayopinga dhana ya uchakavu, nayo ni stød, yaani mbano mfupi wa koromeo unaoandamana na baadhi ya silabi zenye mkazo. Jens Pedersen Høysgaard, aliyekuwa mtumishi katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1743. Chukua bønder (wakulima) na bønner (maharagwe). Yote mawili yana silabi mbili na sauti zilezile, ila la kwanza lina mbano na la pili halina. Sababu ni ya kihistoria: bœndr ya Kinorse cha Kale ilikuwa silabi moja, na baunir ilikuwa mbili. Kinorwe hutofautisha jozi hiyohiyo kwa toni. Hivyo, koromeo la Mdenmaki linaendelea kuhesabu silabi za kale ambazo sikio haliwezi tena kuzitenga. Urithi huu, hata hivyo, si wa wote: lahaja kadhaa za kusini, pamoja na ile ya kisiwa cha Bornholm, hazina stød.

Hesabu ya silabi hudumu kwa njia nyingine pia. Katika katten (paka yule), irabu hafifu humezwa, lakini n hubeba silabi peke yake. Jambo hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani m ya mtu huhesabiwa mizani kamili. Kwa hiyo, mhakiki anayepima ushairi wa Kidenmaki kwa kusaka irabu zinazosikika atapunguza mizani isivyostahili.

Mabadiliko hayo yana gharama. Utafiti linganishi wa Dorthe Bleses na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa Denmaki huelewa maneno machache kuliko wenzao wa lugha nyingine nyingi. Watafiti walihusisha hali hiyo na ugumu wa kutambua mipaka ya maneno. Lakini ugumu si uozo. Lugha iliyolegeza konsonanti zake ilikabidhi kazi ya kutofautisha maana kwa irabu na koromeo, na mfumo ukajipanga upya.