Bandari za Yemeni: Kuurudisha Mji na Kuurudisha Umoja



Majina ya Adeni, Mukalla na Shihri si mageni katika nyumba za pwani yetu. Tangu zama za majahazi, upepo wa kaskazi umewaleta Mahadhrami Lamu, Mombasa na Unguja. Wakafanya biashara, wakasomesha, wakaoa na wakazaa. Kwa hiyo habari za vita vya Yemeni si habari za watu wa mbali, na ndani yake mna mazingatio kwa mwenye kutaka kuzingatia.

Fitina hiyo ilipamba moto tarehe 21 Septemba 2014, wapiganaji wa Kihuthi walipouteka mji mkuu wa Sanaa. Mwezi wa Februari 2015 Rais Abdrabbuh Mansur Hadi alikimbilia Adeni. Haukupita muda, Wahuthi pamoja na askari waliokuwa wakimtii rais wa zamani, Ali Abdullah Saleh, wakateremka kusini mpaka wakaingia mji huo nao. Hadi akaenda Saudia, na tarehe 26 Machi ndege za Saudia na washirika wake zikaanza kushambulia.

Kwa zaidi ya miezi mitatu watu wa Adeni walipigana mtaa kwa mtaa, na wengi wao hawakuwa askari ila vijana wa mjini. Chakula, maji na dawa vikawa haba, na homa ya dengue ikaenea. Tarehe 6 Mei watu wa Tawahi waliokuwa wakikimbia kwa mashua walipigwa mizinga baharini, na makumi wakafa. Hao hawakuwa na silaha yoyote. Walikuwa wakitafuta mahali pa kulala tu.

Tarehe 14 Julai, sawa na mwezi 27 Ramadhani 1436, ndipo ilipoanza kampeni iliyopewa jina la Mshale wa Dhahabu. Vijana wa mji na askari wa Kiyemeni waliopewa mafunzo, wakisaidiwa na magari ya deraya na askari wa Falme za Kiarabu, waliuchukua uwanja wa ndege siku hiyo hiyo. Tarehe 17, siku ya Idi, Makamu wa Rais Khaled Bahah akatangaza kwamba Adeni imekombolewa. Lakini siku mbili baadaye mizinga ya waliokuwa wakirudi nyuma iliangukia Dar Saad, ikaua makumi ya watu wengine. Mwezi wa Agosti kambi ya Al-Anad na mji wa Zinjibar vikarudishwa pia.

Ama Mukalla ina kisa chake. Wahenga walisema: vita vya panzi, neema ya kunguru. Wakati makundi makubwa yalipokuwa yakipigana, Al-Qaida iliingia Mukalla mwanzoni mwa Aprili 2015, ikafungua jela, ikapora benki, na kwa muda wa mwaka mzima ikatoza ushuru bandarini. Mji huo ulirudishwa mwishoni mwa Aprili 2016 na majeshi ya Hadhramaut yakisaidiwa na Falme za Kiarabu na Saudia.

Mapema mwaka 2017 ikachukuliwa Mukha, bandari ya kale iliyoipa kahawa jina lake duniani. Juni 2018 majeshi yakaelekea Hudaida. Hapo jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula cha Yemeni ilipitia bandari hiyo. Kuivunja ni kuvunja sahani ya mamilioni ya watu. Desemba ya mwaka huo pande mbili zikakubaliana Sweden kusimamisha vita mjini humo. Hudaida ikabaki mikononi mwa Wahuthi, lakini wakati huo bandari haikuvunjwa.

Sasa tutazame matokeo. Adeni iliyorudishwa kwa damu haikupata utulivu. Desemba 2015 gavana wake, Jaafar Mohammed Saad, aliuawa kwa bomu. Agosti 2019 wale wale waliokuwa safu moja dhidi ya Wahuthi wakageuziana bunduki mjini humo, kila mmoja akidai kuwa mji ni wake. Adui alikwisha toka, lakini fitina ilibaki ndani.

Makadirio ya Umoja wa Mataifa yalionyesha kwamba hadi mwisho wa 2021 vita hivyo vilikuwa vimesababisha vifo 377,000. Kati ya kila watu kumi, sita hivi hawakufa kwa risasi wala bomu, bali kwa njaa, maradhi na kukosa matibabu.

Hapana shaka mwenye kuvamiwa nyumbani kwake ana haki ya kujitetea, na vijana wa Adeni hawawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini mji hurudishwa kwa siku chache, na umoja hurudishwa kwa miaka, kwa uadilifu, kwa kugawana sawa na kusameheana. Dini yetu imetuamrisha tuwasuluhishe waumini wanapopigana, haikutuamrisha kuwashangilia. Basi tunapobishana vibarazani juu ya nani ameshinda kule, tuwakumbuke waliozama na mashua yao Tawahi. Na hapa kwetu, ugomvi wa msikiti, wa mtaa au wa urithi tuuzime ungali cheche.

Mwenyezi Mungu awape watu wa Yemeni amani, na atuepushe sisi na fitina. Amin.