Sanaa na Michezo Mbele ya Mtihani: Safari ya Mtaala wa Kenya

Swali la iwapo sanaa na michezo vinastahili kukaa bega kwa bega na sayansi na hisabati katika mtaala, yaani mpango rasmi wa yale yanayofundishwa shuleni, limejadiliwa nchini Kenya kwa takribani karne moja. Aghalabu huzungumzwa kana kwamba ni suala la thamani ya masomo yenyewe, ilhali historia inaonyesha kwamba mambo mengine ndiyo yaliyoamua: kwanza ubaguzi wa elimu ya kikoloni, na baadaye mtihani wa kitaifa.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyogharimiwa na mfuko wa hisani wa Marekani na kuongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, miongoni mwa wajumbe wake, nayo ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, useremala, usafi na kazi za mikono. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa kueneza elimu ya namna hiyo. Pendekezo hilo lilikuwa na mazuri yake, lakini lilitolewa katika koloni ambamo watoto wa walowezi walisomeshwa kwa ajili ya vyuo vikuu, na kwa hiyo wazazi Waafrika walilipokea kama njia ya kuwafungia watoto wao mlango. Shule huru za Wakikuyu, zilizojitenga na wamisionari mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea katika miaka ya 1930, zilidai Kiingereza na masomo ya vitabu, na dai hilo lilikuwa la haki kabisa. Hata hivyo liliacha urithi mzito, kwani tangu hapo kazi ya mkono, na pamoja nayo uchoraji, uchongaji na ufinyanzi, ilihesabiwa kuwa elimu ya mtu aliyenyimwa elimu.

Wakati huohuo ilikuwapo shule iliyoonyesha kwamba mgawanyiko huo haukuwa wa lazima. Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, iliongozwa kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 na Edward Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1928 ili kuwa mwalimu wa misheni huko Maseno. Mtu huyu, ambaye angetarajiwa kuliko wengine wote kuiweka hesabu juu ya kila kitu, aliupa uwanja wa kandanda nafasi kubwa katika malezi ya wanafunzi, na katika miaka ya 1950 wanafunzi wake waliigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka. Dosari ya mpango huo ni kwamba sanaa iliyoheshimiwa ilikuwa ya Mwingereza, ilhali ngoma na nyimbo za makwao wanafunzi hazikupewa hadhi hiyo. Mmoja wa wanafunzi hao, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kati ya 1955 na 1958, alikuja kuirekebisha dosari hiyo mwenyewe alipoandaa mchezo wa Kigĩkũyũ pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, kazi iliyomfikisha kizuizini.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliukuta mfumo uliogawanywa kwa rangi, na taifa lililohitaji haraka madaktari, wahandisi na makarani wa kushika nafasi za wageni. Katika hali hiyo muziki na maigizo yaliendelea kuishi hasa katika tamasha za kila mwaka, nje ya ratiba ya masomo.

Badiliko kubwa lilikuja na Tume ya Mackay ya mwaka 1981, ambayo mapendekezo yake yalizaa mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, ulioanza kutekelezwa mwaka 1985. Mfumo huo ulitaka kila mtoto ajifunze sanaa, ufundi, muziki, sayansi kimu na kilimo, na jambo lililoupa nguvu ni kwamba masomo hayo yaliingizwa katika mtihani wa darasa la nane. Wazazi walichanga fedha kujenga karakana, na watoto wa shule za vijijini walilazimika kuzijua noti za muziki sawa na wenzao wa mijini. Ni kweli kwamba vifaa vilikuwa haba, walimu waliofunzwa masomo hayo walikuwa wachache, na mzigo wa masomo uliwaelemea watoto, mambo ambayo Tume ya Koech iliyotoa ripoti yake mwaka 1999 iliyazingatia. Lakini dawa iliyochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipita kiasi: mtihani ulipunguzwa, na sanaa, ufundi na muziki vikaachwa nje yake. Masomo hayo hayakufutwa, kwani yalibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Kilichotokea ni kwamba katika shule nyingi saa zake, pamoja na zile za elimu ya viungo, ziligeuzwa kuwa saa za ziada za hisabati na Kiingereza. Ukatili wa jambo hili haukuhitaji amri ya mtu yeyote, maana shule zilizopangwa kwa alama za mtihani hazingeweza kutenda vingine.

Michezo ilikuwa na bahati tofauti kidogo, kwa sababu palipopatikana mwalimu mwenye ari, ushindi ulionekana na kila mtu. Ndugu Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, akajifunza ukocha kwa kuufanya, na kutoka shule hiyo walitoka mabingwa wa Olimpiki kama Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 mjini Barcelona mwaka 1992. Iten inathibitisha kile ambacho shule inaweza kukifanya, lakini haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa sera njema, kwa kuwa taifa haliwezi kujenga elimu yake juu ya matumaini kwamba kila wilaya itabahatika kumpata mwalimu wa aina hiyo.

Mtaala wa umilisi, unaopima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda badala ya kile alichokariri tu, ulianza kutumika kitaifa mwaka 2019, na kundi lake la kwanza liliingia sekondari ya juu Januari 2026. Katika ngazi hiyo wanafunzi hugawanywa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi ya jamii; na ule wa sanaa na michezo, mkondo ambao serikali imeukadiria kupata asilimia 15 ya wanafunzi dhidi ya asilimia 60 za ule wa kwanza. Kwa mara ya kwanza mchezaji na mwanamuziki wana mlango wao rasmi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo mlango wa pekee si sawa na kukaa pamoja, na upungufu huo ulidhihirika Aprili 2025, wakati Wizara ya Elimu, baada ya malalamiko ya walimu na wazazi, ilipotangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika mikondo yote, ikiwa na kiwango chepesi kwa walio nje ya mkondo wa sayansi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini hoja iliyouzaa, kwamba hakuna kijana anayefaa kumaliza shule bila msingi wa fani fulani ya akili, haikutumiwa kwa sanaa. Wizara iitimize hoja yake yenyewe: impe kila mwanafunzi wa mkondo wa sayansi somo moja la sanaa, lenye mwalimu aliyelisomea na saa zisizoporwa, na alama zake zihesabiwe katika matokeo yake ya mwisho.