Plasmidi za lentivirusi zenye lusiferasi

Plasmidi za lentivirusi zenye lusiferasi ni duara ndogo za DNA zinazotumika maabara kuingiza jeni ndani ya seli pamoja na jeni ya pili, inayoifanya seli itoe mwanga. Jeni ya kwanza ndiyo inayochunguzwa. Ya pili ni shahidi wake: seli ikiwaka, mzigo umefika.

Asili

Lentivirusi ni virusi vinavyopachika jeni zao katika DNA ya seli na mara nyingi kuleta maradhi polepole. VVU ni mojawapo. Tumbili wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, ni wa jamii ambayo kwa kawaida hubeba lentivirusi aina ya SIV bila kuugua. Simba wa Serengeti wana aina yao, na sokwe wa Gombe wana SIV iliyo ndugu wa VVU-1, ambayo huwadhoofisha.

Lusiferasi ni kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu anayewaka na kuzima majanini usiku wa mvua. Jeni inayotumika zaidi ni ya kimulimuli wa Marekani, *Photinus pyralis*, na ilinakiliwa maabara mwaka 1985. Kimeng'enya hicho huunganisha lusiferini na oksijeni kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na mwanga wa kijani-njano hutoka bila joto la kuhisika.

Muundo na utengenezaji

Jeni zote mbili hukaa kati ya ncha mbili za kirusi ziitwazo LTR. Nafasi ni finyu: kirusi hubeba takribani jozi 8,000 hadi 9,000 za herufi za DNA, na lusiferasi peke yake huchukua kama 1,650. Zikiunganishwa kwa kipande cha DNA kiitwacho IRES, jeni ya pili kwa kawaida hutoa protini kidogo kuliko ya kwanza. Zikiunganishwa kwa kipande kifupi cha 2A, protini mbili hutoka kwa viwango vinavyokaribiana.

Plasmidi hiyo humiminwa kwenye seli za maabara ziitwazo 293T pamoja na plasmidi saidizi zinazobeba jeni za kuunda kirusi. Baada ya siku mbili au tatu, maji yaliyozizunguka seli hizo huchujwa na kuwekwa juu ya seli lengwa. Kwa kuwa jeni za kirusi zimetawanywa katika plasmidi mbalimbali, kirusi kinachopatikana huingia mara moja tu, hakizaliani. Hata hivyo hushikwa kwa tahadhari za maabara, kwani hubadilisha DNA ya seli za binadamu.

Matumizi Tanzania

Mbinu za ukoo huu zilipima damu ya washiriki wa HIVIS03, jaribio la chanjo ya VVU lililofanyika Dar es Salaam kwa watu 60 wa kujitolea. Katika kipimo kinachotumia seli za TZM-bl, zenye lusiferasi ndani yake, kingamwili zinazozuia virusi hazikuonekana. Katika kipimo kingine, virusi vyenyewe vilibeba lusiferasi na kuwekwa kwenye seli za damu ya binadamu. Humo, damu ya washiriki wengi waliochanjwa ilipunguza mwanga, dalili kwamba virusi vilizuiwa.

Mipaka

Mwanga huhesabu lusiferasi, si jeni iliyo jirani yake, kwa hiyo protini inayochunguzwa hupimwa yenyewe pia. Damu ya Dar es Salaam inaongeza somo la pili: kabla ya kuamini mwanga au giza, mtafiti aulize kwanza ni seli gani iliyotoa ushahidi.